Nishani Aliyojinunulia Mwenyewe



Novemba ni mwezi wa marehemu wote, na kwa nchi yetu ni mwezi wa kumbukumbu za vita pia. Tarehe 11 Novemba 1918 bunduki zilinyamaza Ulaya. Huku kwetu habari zilichelewa, na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Juma hili tumeona vema kumkumbuka mzaliwa mmoja wa Dar es Salaam aliyeingia katika vita ile akiwa bado mtoto, akafa tarehe 24 Novemba 1944 mbali sana na kwao. Alikuwa Mwislamu, na katika mji huu hilo halijapata kuwa sababu ya jirani kutomkumbuka jirani katika sala.

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani walikuja kumjua kwa jina la Bayume Mohamed Hussein. Alizaliwa hapa mjini tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, mwenye asili ya Sudan. Wasomaji wetu vijana huenda wakashangaa Msudani alifikaje pwani hii. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na wenzake wa pwani, aliandikisha askari wa Kisudani mjini Cairo, na wengine, Wazulu na Washangaa, kutoka Msumbiji. Wengi wao hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, na watoto wao wakawa watoto wa mji, wasemao Kiswahili kama mtoto yeyote wa Gerezani.

Hatupendi kuipamba kazi ya askari hao. Miaka ya 1905 hadi 1907 ndio waliotumwa kusini kuzima Maji Maji, kwa risasi na kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mtu akikumbuka sare ile, na ayakumbuke hayo pia. Lakini Mahjub wakati huo alikuwa mtoto mchanga, na kosa la serikali halifuti deni ambalo serikali hiyo hiyo inadaiwa na mtumishi wake. Na habari ya deni ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Vita ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mwana alikuwa na umri wa miaka kumi. Katika umri ambao watoto wetu wa leo hujiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza, yeye aliwekwa katika kazi ya kupeleka ishara za kijeshi. Oktoba 1917 alikuwako Mahiwa, katika nchi ya Lindi, kwenye mapigano makali kuliko yote ya vita ile upande huu wa Afrika, yaliyodumu kwa siku nne. Hapo alijeruhiwa, akawa mateka wa Waingereza. Baba yake hakuimaliza vita akiwa hai.

Sasa tuseme habari ya mshahara. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na kabla ya hapo bahari ilikwisha kufungwa. Wajerumani hawakuwa tena na sarafu za kutosha. Walichapa noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hapa mjini na kisha Tabora, na baadaye, walipokuwa wakihama pori hadi pori, wakachapa nyingine duni zaidi. Mwishoni askari na wapagazi walikuwa wakitumikia kwa ahadi. Huko Abercorn, Lettow-Vorbeck aliwaomba Waingereza walioshinda watoe fedha za kuwalipa watu wake malimbikizo yao, jumla ya rupia zipatazo milioni moja na nusu. Ombi lilikataliwa. Kilichobaki kilikuwa kukaa na orodha, kupiga hesabu ya kila mtu, na kumwandikia cheti kinachoonyesha kiasi anachodai.

Ndivyo askari zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi waliokuwa nao, walivyoimaliza vita iliyodumu miaka minne: kila mmoja na karatasi. Kutoka hapo walipelekwa kufungwa Tabora, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ikawapunguza. Tujaribu kufikiri maana ya kutunza karatasi nyumbani kwa mkulima wa zama zile. Kuna mvua, mchwa, moshi wa jikoni, na panya. Serikali iliyoandika karatasi ile ilikuwa imekwisha kuondoka nchini, na serikali iliyokuwapo haikuitambua.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilikubali kulipa sehemu ya madai hayo, na wako waliolipwa. Wengine walikaa hadi mwaka 1964. Mwaka huo, ambao Lettow-Vorbeck alifariki, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha kwa ajili ya askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350, na ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya mwaka 1918. Baadhi walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Basi mtu wa benki aliyeletwa kutoka Ujerumani akapata wazo: kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa Ulaya kwa tabasamu, kama ushahidi wa utii wa askari. Sisi hatukuweza kutabasamu. Tunaona mzee wa miaka sabini, wajukuu wake wakitazama, akibeba ufagio begani ili aaminiwe kwamba ujana wake aliutumia pale alipoutumia. Mwili wake ulikuwa umegeuka hati, kwa kuwa hati ya karatasi ilikwisha kuliwa.

Mahjub hakungoja hadi 1964. Baada ya vita alipata kazi ya utumishi katika meli za Kijerumani zilizotembelea pwani yetu, na mwaka 1929 alishuka Ujerumani akaenda hadi Berlin, makao ya serikali, kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Kijana wa miaka 25 kutoka Dar es Salaam anaingia katika ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, anazungumza Kijerumani, na anadai haki ya baba yake kama mrithi. Alijibiwa kwamba amechelewa. Muda wa kupokea madai ulikuwa umepita.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akawa mtumishi wa meza katika nyumba kubwa ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland, na akafundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1933 alimwoa Maria Schwandner, akawa na watoto. Mwaka huo huo Adolf Hitler alishika serikali, na maisha ya watu weusi wachache waliokuwa Ujerumani yakaanza kubanwa siku hadi siku.

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa waliotumikia katika Vita Kuu, na mamilioni ya watu waliupokea. Mahjub naye aliandika maombi ya kupewa alama ya wapiganaji wa mstari wa mbele. Alikuwa na sababu kuliko wengi: mstari wa mbele alikuwa ameufikia kabla hajabalehe, na kovu la Mahiwa alikuwa nalo mwilini. Maombi yalikataliwa. Hapo akafanya jambo ambalo tumelifikiri juma zima. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa vitu vya kijeshi, akanunua nishani kwa fedha zake, akaivaa pamoja na sare ya askari.

Kwa sheria, nishani ile ilikuwa batili. Nishani halali huja na cheti chake, chenye jina, tarehe na sahihi, na bila cheti ni kipande cha madini na utepe. Yeye alikuwa na madini bila cheti. Lakini huduma ambayo cheti kingeishuhudia aliitoa kweli, na damu aliyoimwaga ilikuwa damu. Tunaweza kumlaumu kwa mengine. Alivaa sare ile katika mikutano ya watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake, yaani irudi kututawala sisi, naye akapigwa picha akiwa amesimama nao. Tena aliigiza katika filamu zaidi ya ishirini, karibu zote katika nafasi ya mtumishi mweusi wa bwana mweupe. Mojawapo ni ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Je, aliyaamini aliyoyaigiza? Pengine alikuwa anatafuta mkate wa watoto, na pengine alitumaini kwamba wale waliosema kwa sauti kubwa kuhusu askari watiifu wangemlinda askari mmoja aliye mbele yao. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 hata alijitolea kuingia tena jeshini. Akakataliwa.

Hawakumlinda. Mwaka 1941 alikamatwa kwa shtaka la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo utawala ule uliliita fedheha kwa taifa. Hapakuwa na hukumu ya mahakama. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu, akafa humo.

Tunajua habari zake kwa sababu ofisi zilizomnyima haki zilitunza mafaili. Barua zake za kudai mshahara na maombi yake ya nishani vilibaki kabatini pamoja na majibu ya makarani. Msomi wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alizikusanya karatasi hizo na kuchapisha kitabu juu ya maisha yake mwaka 2007, na mwaka huo huo liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba, lililoandikwa jina lake, katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba aliyokaa mtaa wa Brunnenstrasse, Berlin. Mtu aliyenyimwa cheti amepata ushahidi kutoka katika barua za waliomnyima.

Turudi sasa mjini kwetu, kwa maana wapo wengi ambao hata faili la kukataliwa hawakupata. Kila siku tunatamka jina lao tukienda sokoni. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga majengo ya soko katika eneo lile. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Hapo walikusanywa watu kutoka kila upande kubebeshwa chakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na magari hayakuwa na barabara. Walikufa kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa kuliko kwa bunduki. Hesabu za wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukaribia laki moja.

Walizikwa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliposhauriana na serikali ya Tanganyika, Gavana Horace Byatt alitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya hapa Dar es Salaam na ya mahali pengine, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Maoni hayo yaliwekwa hadharani mwaka 2021, tume hiyo ilipochapisha ripoti ya kujichunguza yenyewe. Ripoti inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Badala ya majina ilisimamishwa sanamu. Mwaka 1927, katika njia panda ambapo zamani ilikuwako sanamu ya Wissmann, ilizinduliwa sanamu ya shaba ya askari aliyeinamisha bunduki yenye singe mbele yake, kazi ya James Alexander Stevenson. Ipo hadi leo katika barabara ya Samora, mwendo mfupi kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Maandishi yake yanasomeka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi. Ni sanamu nzuri, na mahali popote ambapo mji ungeamua kuiweka tungeipenda. Lakini mjane aliyetembea hadi pale mwaka 1927 kutafuta jina la mumewe hakulipata, kwa sababu halikuandikwa jina la mtu yeyote.

Kariakoo ina habari nyingine ya askari na watoto wao, nayo haina majonzi namna hiyo. Kleist Sykes, mtoto wa mmoja wa Wazulu walioletwa na Wissmann, alipigana upande wa Wajerumani kama Mahjub. Akarudi salama, akafanya kazi Shirika la Reli, na mwaka 1929, mwaka ule ule ambao Mahjub aligonga mlango wa wizara kule Berlin, Kleist alikuwa katibu wa African Association iliyoanzishwa hapa mjini. Mwanawe, Abdulwahid, alikwenda Burma na jeshi la King's African Rifles katika Vita ya Pili, na katika miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha katika shule yetu ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwaka 1955, ni nyumbani kwa Abdulwahid alikofikia. Mtu mmoja wa ukoo wa askari alipeleka madai yake peke yake kwa mkoloni, akajibiwa amechelewa. Mwingine aliyapeleka madai yake kwa majirani zake.

Watanganyika zaidi ya 80,000 waliandikishwa katika Vita ya Pili, wakapigana Uhabeshi, Madagascar na Burma. Vijana wale wengi wamekwisha kutangulia, na nishani zao zimebaki katika masanduku ya wajukuu wao, hapa Ilala, Magomeni na kwingineko. Kuna jambo moja juu ya nishani hizo ambalo familia nyingi hazilijui. Zile ambazo Waingereza walitoa baada ya Vita ya Kwanza ziliandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Ukiishika mwangani na kuizungusha taratibu, utamsoma mwenyewe. Lakini nyota na nishani za Vita ya Pili walizopewa askari wa King's African Rifles zilitoka bila jina. Nyota ya Burma ya babu yako na nyota ya Burma ya mtu mwingine haziwezi kutofautishwa. Kinachozitofautisha ni ile hati ya kuachishwa jeshi, iliyokunjwa mara nne, yenye namba ya askari, jina lake, kikosi chake na tarehe. Hati ikiliwa na mchwa, nyota inabaki haina mwenyewe. Wanunuzi wa vitu vya kale wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hulipa zaidi nishani ikija pamoja na karatasi zake. Na mwenye shida ya ada ya shule huziuza vyote viwili bila kubaki hata na nakala.

Kwa hiyo tunawaomba walio na vitu hivyo wasisugue nishani za Vita ya Kwanza kwa mchanga au majivu, maana herufi za ukingoni hufutika. Hati isiwekwe gundi wala kuzungushiwa karatasi ya plastiki kwa moto. Nyuma ya picha ya babu liandikwe kwa penseli jina lake kamili na la kijiji chake, leo, wakati bibi anayelijua bado yupo. Mashine ya kunakili ya ofisi ya parokia inatumika kila Jumamosi asubuhi, na kwa hati za askari na wapagazi hatutatoza chochote, awe mwanaparokia au jirani.